Dola saba ni za dakika moja, si za safari

Swali kuhusu baiskeli za abiria za Central Park, bustani kubwa ya jiji la New York, limerudi tena: "Mbona pedikabu za Central Park ni rahisi hivyo, dola saba tu?" Si rahisi. Dola saba hizo ulizoziona kwenye kadi ya bei ni za dakika. Moja. Zidisha kwa 60 upate bei ya saa nzima: dola 420, bakshishi bado. Hesabu hiyo ifanywe mkiwa bado mmesimama kando ya barabara. Wengi huifanya mwisho wa ziara, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Pedikabu si bajaji. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, dereva mbele, kiti cha abiria nyuma chenye kijipaa, na kwa sheria ya New York inakwenda kwa nguvu za binadamu peke yake, bila mota. Bei huhesabiwa kwa dakika kwa sababu jiji ndivyo lilivyotaka. Kadi ya bei iwe mahali inaposomeka, na saa ya kuhesabia dakika iwe mahali unapoiona. Kama kadi imegeuzwa, imefunikwa na koti, au dereva anasema "usijali, tutaelewana", usipande. Mpigie mkono wa mbele yake. Hawakosekani hapo lango la Barabara ya 59.

Hayo ni mepesi. Kinachonikera ni kwamba hata anayejua kuwa bei ni ya dakika hajiulizi dakika zinaenda wapi. Mzunguko mfupi, ule wa kupanda upande wa mashariki, kukatiza Barabara ya 72 na kurudi kwa magharibi, ni takriban kilomita 2.7. Hata kwa mwendo wa kivivu wa kilomita 10 kwa saa, kupiga pedali ni dakika 16 tu. Sasa mbona ziara inaitwa ya saa moja? Kwa sababu unashuka. Pedikabu hutembea kwenye barabara za bustani, haiingii kwenye njia za waenda kwa miguu. Chemchemi ya Bethesda iko chini ya ngazi. Daraja la Bow, lile la chuma la mwaka 1862 linalopigwa picha za harusi, nalo ni la miguu. Strawberry Fields, penye duara la mawe lenye neno "Imagine" kumkumbuka John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, ni kutembea pia. Dakika kumi hapa, kumi na tano pale, na picha ya familia inarudiwa mara nne kwa sababu mtoto amefumba macho. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya pesa yako imelipia chombo kilichosimama.

Kwa hiyo swali la maana si "bei gani?" bali "saa inasimama tukishuka?" Liulize kabla hujakaa. Ongeza la pili: "bei ni ya chombo au ya kila kichwa?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Nikiri jambo moja. Sina hakika kama utaratibu wa dakika umemsaidia mgeni kuliko ulivyomuumiza. Uliletwa ili bei iwe wazi, na kweli iko wazi, lakini unamlipa zaidi anayekawia. Dereva mwenye miguu mizuri na maelezo mafupi anaondoka na kidogo kuliko yule anayesimama kila kisiki. Sina dawa ya hilo. Bei ya ziara nzima nayo ilikuwa na visa vyake.

Halafu kuna wanaosema "tuzungushe bustani yote." Mzunguko mkubwa unakaribia kilomita 10, na kaskazini unapanda Harlem Hill. Fikiria kabla hujafika huko: kwenye East Drive, barabara ya mashariki ya bustani, karibu na Barabara ya 76, kuna Cat Hill, yaani Mlima wa Paka. Watu watatu nyuma pamoja na uzito wa chombo ni mzigo wa zaidi ya kilo 250. Dereva anashusha gia hadi ya mwisho, ananyanyuka kwenye tandiko, miguu inazunguka haraka lakini gurudumu linajivuta polepole, maelezo yanakatika katikati ya sentensi kwa kukosa pumzi. Saa haikatiki. Kushoto juu ya mwamba amejikunyata puma wa shaba wa mwaka 1883, aliyeupa mlima jina lake, kana kwamba anahesabu dakika. Ukiona mtu anapaa hapo akipiga stori bila kutoa jasho, kuna mota imefichwa mahali, na hiyo hairuhusiwi.

Baada ya mlima huo, nyuma ya jumba la makumbusho la Metropolitan, kuna mnara wa Misri unaoitwa Sindano ya Cleopatra. Umesimama hapo tangu 1881, na ulichongwa enzi za Farao Thutmose III, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Cleopatra kuzaliwa. Dereva akikuambia Cleopatra aliujenga, mengine aliyokusimulia yapime upya.

Kitu kingine: barabara za bustani ni za upande mmoja kwa magurudumu, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ukipita kituo umekipita, kukirudia ni kuzunguka upya. Taja mapema unapotaka kushuka.

Kama magoti yako ni mazima na unataka Bethesda na Strawberry Fields tu, panda kutoka 59 hadi Bethesda, lipa, mwache aende. Kutoka hapo hadi kwa Lennon ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na nyumba ya Dakota alimoishi unaiona ng'ambo ya barabara.