Fyuzi ya kwenye waya: inalinda nini hasa?

Ni fyuzi inayokaa peke yake ndani ya kishikizo kidogo cha plastiki, kwenye waya chanya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye kifaa ulichoongeza garini: amplifaya, spotlaiti, trakeri, kamera. Vifaa vilivyokuja na gari vina fyuzi zao kwenye boksi. Ukivuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, huo hauna ulinzi mpaka uuwekee.

Wengi hudhani inaokoa redio. Kwanza kabisa inaokoa waya. Betri ya gari ni volti 12 tu, lakini ikipigwa shoti humwaga mamia ya ampea papo hapo. Na bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Waya chanya ukisuguana na ukingo wa bati pale unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani, ganda likachubuka na shaba ikagusa bati, hakuna cha kuuzuia umeme. Shaba hupata moto, ganda huyeyuka na kuwaka, kisha moto hushika zulia. Ndani ya fyuzi kuna kipande chembamba cha chuma kilichopimwa kiyeyuke mapema, kabla waya haujafika huko.

Kwa sababu hiyo iwekwe jirani kabisa na betri, isivuke sentimita 45. Kuna mafundi wanaoifunga nyuma ya redio kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Hapo waya wote wa kutoka betri hadi dashibodi umeachwa bila ulinzi, na ndio unaopita kwenye joto na mtikisiko!

Ampea zake hupatikana kwa kugawa wati kwa volti. Spotlaiti mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa 12, unapata ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya 15, ile ya bluu, inatosha, mradi waya uweze kubeba zaidi ya ampea 15. Wa milimita mraba 2.5 unafaa. Waya ukiwa mwembamba, badilisha waya.

Fyuzi mpya nayo ikikatika, usipandishe ampea, wala usiifunge kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fuata waya kwa mkono mpaka uone ulipochubuka, uubadilishe, kisha weka mpira kwenye tundu la bati unamopita.