Robotiki ya elimu ni nini?

Ukisikia watoto wa shule wanasoma robotiki, usifikirie mtu wa chuma anayetembea na kuongea. Roboti ya darasani kwa kawaida ni kigari tu: mota mbili, betri, sensa (kifaa cha kuhisi mwanga au umbali) moja au mbili na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Kinachoipa jina la roboti ni kwamba inapima hali iliyopo, inaamua kwa kufuata programu, kisha inatenda.

Robotiki ya elimu, basi, ni ufundishaji ambao mtoto anaunda chombo cha namna hiyo kwa mikono yake na kuandika mwenyewe maagizo ya kukiendesha. Chimbuko lake ni Logo, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig. Baadaye Logo ilitumika kuendesha roboti ya sakafuni iliyopewa jina la kasa, ambayo ilichora mstari kila ilikopita. Mtoto akiandika "mbele 100, kulia 90" mara nne, anapata mraba. Akitaka pembetatu ya pande sawa, huenda akaandika 60, maana ndivyo alivyofundishwa kwenye hesabu. Mistari haikutani. Papert alipenda mtoto ainuke atembee njia ile ile ya kasa. Akifanya hivyo anahisi mwilini kwamba kwenye kila kona anageuka pembe ya nje, yaani digrii 120.

Hapo ndipo penye utamu wa somo hili: kosa linajianika lenyewe, bila kalamu nyekundu ya mwalimu. Chukua zoezi la kufuata mstari mweusi. Sensa inamulika sakafu na kupima mwanga unaorudi. Weusi hurudisha kidogo. Programu inasema: ukiona giza geuka kulia, ukiona mwanga geuka kushoto. Kumbe roboti haifuati mstari, inafuata ukingo wake. Asubuhi inakwenda vizuri. Mchana jua likipenya dirishani vipimo vinabadilika, nayo inapotea. Au betri imepungua, na agizo la "nenda sekunde 2" halifiki pale lilipofika jana. Mtoto inabidi atafute: tatizo liko kwenye programu, kwenye waya au kwenye gurudumu?

Kwa wadogo wasioandika haraka, kuna lugha za kupanga vipande vya maagizo kwenye skrini, kama Scratch iliyotoka mwaka 2007. Vifaa vya bei kubwa si sharti. Hata zoezi la mtoto mmoja kujifanya roboti na mwenzake kumpa amri linafaa kuanzia.

Ila si kila darasa lenye roboti linafundisha robotiki. Kama watoto wote wamefuata mchoro mmoja na kutoka na vigari vinavyofanana hadi skrubu, hiyo ni kazi ya kuunganisha vipande. Muulize mtoto nini kiligoma na alikirekebishaje. Aliyefanya kazi mwenyewe atakuwa na mengi ya kusema.