Ndoo Inayopigwa Teke: Nahau za Kiingereza na Maana Zake

Mtu akikwambia jirani yake amepata jiko, humuulizi kama ni la gesi au la mkaa. Unajua kaoa. Lakini geuza maneno kidogo tu, useme "jiko limepatikana", na harusi inatoweka, kinabaki chombo cha kupikia. Hiyo ndiyo nahau: maneno mawili matatu yaliyoshikana yakabeba maana usiyoweza kuipata kwa kulifumbua neno mojamoja. Haisimami peke yake kama methali. Huishi ndani ya sentensi, na kitenzi chake hubadilika: amepata, atapata, hajapata jiko.

Kiingereza kimejaa vitu hivi, na anayetafsiri neno kwa neno huumbuka. "Kick the bucket" ukiisoma hivihivi ni kupiga ndoo teke. Maana yake ni kufa, na mwaka 1785 ilikuwa tayari imo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapwa London. Ina ugumu uleule wa jiko: ukisema "the bucket was kicked", hakuna aliyekufa, ni ndoo tu imeguswa na mguu.

Hata ukishaijua maana, kazi haijaisha. Kwetu kuna kuaga dunia na kuna kukata kamba. Aliyeaga na aliyekata wote wamekufa, ila hakuna anayeandika kwenye kadi ya rambirambi kwamba marehemu kakata kamba. Sasa "kick the bucket" iko upande wa kukata kamba; ni ya utani. Kwa mfiwa tumia "passed away".

"Break a leg", yaani vunja mguu, ni heri anayotakiwa mtu anayepanda jukwaani. Usimpe mgonjwa anayeingia kupasuliwa goti. "Under the weather" haihusu mvua wala jua, ni kutojisikia vizuri: mafua, uchovu, kichwa kizito. Mwenye ugonjwa mkubwa hasemwi hivyo. "Piece of cake" ni mteremko, na "pull someone's leg" ni kumtania mtu.

"Once in a blue moon" maana yake mara chache mno. Siku hizi jina hilo la mwezi wa bluu hupewa mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, kama ule wa tarehe 31 Agosti 2023 uliofuata ule wa tarehe 1. Hutokea takriban kila baada ya miaka miwili na nusu, na kwa kawaida hauna hata chembe ya ubluu. Lakini anayeitumia nahau hii hahesabu miezi. Mjomba anayepiga simu mara moja kwa miaka mitano naye ni wa "blue moon".

Inayonifurahisha zaidi ni ya chumvi. Sisi tukisema fulani ametia chumvi, msimuliaji ndiye aliyezidisha. Mwingereza chumvi humpa msikilizaji: "take it with a pinch of salt", yaani habari hiyo usiimeze yote. Chumvi ni ileile, mashaka ni yaleyale, aliyeshika kijiko ndiye tofauti.

Kuna zilizovuka na kuingia kwetu. "The ball is in your court" ilitoka kwenye tenisi, mchezo ambao wengi wetu hatujaushika, ila "mpira uko kwako" haimpi mtu shida, soka imetusaidia. Nisiyoelewana nayo ni "mwisho wa siku". Kwa Kiingereza "at the end of the day" ni kusema hatimaye, ukishapima yote. Sasa redioni utasikia "mwisho wa siku anayeumia ni mwananchi", na asiyejua Kiingereza anaweza kudhani mwananchi huumia jioni tu. Na "hatimaye" tunalo, na "mwishowe" tunalo.