Chotara si koko, wala si "aina mpya"

Juzi nimemsikia tena mtu akimwita mbwa wa jirani koko, eti kwa sababu mama yake ni mbwa wa mbegu ya Maltese na baba yake wa mbegu ya Poodle. Mwenzake akamsahihisha kwa kujiamini: "Huyo si koko, ni aina mpya, anaitwa Maltipoo." Wote wawili walikosea, na huyu wa pili alikosea zaidi.

Chotara ni mnyama aliyezaliwa na wazazi wa mbegu mbili tofauti zinazojulikana. Basi. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wanalitumia neno hili kila siku bila kubabaika. Likitumiwa kwa binadamu lina ukakasi wake, lakini hapa habari ni za mbwa.

Koko ni jambo jingine kabisa. Kwa asili koko ni kichaka, hasa kile cha mikoko, na mbwa koko ni mbwa wa huko vichakani, asiye na mwenyewe, anayejitafutia riziki. Neno linasema anakolala, halisemi damu yake. Poodle mwenye vyeti vyote akitelekezwa akaanza kufukua majalala, huyo ni koko. Na mbwa asiyejulikana babu wala bibi, anayekoroma juu ya kochi la bwana wake, si koko hata chembe. Tumelivuta neno mpaka likawa tusi kwa kila mbwa asiye na cheti, nalo halikuumbiwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye "aina mpya", linalonikera zaidi. Mbegu huitwa mbegu pale wazazi wanapozaa mfano wao, kizazi baada ya kizazi. Chotara hafanyi hivyo. Aliyewahi kulima mahindi chotara analijua hili: ukitunza punje za mavuno na kuzipanda msimu unaofuata, shamba linatoka mchanganyiko, huyu mrefu yule mfupi. Ukizalisha Maltipoo kwa Maltipoo hali ni hiyo hiyo. Hata katika uzao mmoja wa kwanza utapata mwenye manyoya ya kujisokota na mwingine ya kulala, mmoja kilo tatu na nduguye sita.

Majina haya ya kuunganisha yana historia yake. Cockapoo, la chotara wa Cocker Spaniel na Poodle, lilikuwa likisikika tangu miaka ya 1960, ila lililowasha moto ni Labradoodle, tena mbwa mkubwa. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza wasioona, alichanganya Labrador na Poodle kwa ajili ya mama mmoja wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Walizaliwa watoto watatu, na ni mmoja tu ambaye mate na manyoya yake hayakumsumbua yule mume. Conron amesimulia kwamba hakuna aliyetaka kulea chotara, hivyo akatunga jina, na mara watu wakaanza kuulizia. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Jina ndilo lililouza. Mbwa alikuwa chotara yule yule wa jana.

Kinachosahaulika ni wale wawili waliobaki. Ndugu wa tumbo moja, na bado hawakumfaa mwenye mzio. Kinachowasha watu kimo kwenye mate na magamba madogo ya ngozi, kwa hiyo mbwa "asiyepukutisha manyoya" si dawa ya mzio. Hata huko kutopukutika kuna gharama: unywele uliokatika haudondoki kwenye zulia, unanaswa ndani ya manyoya yenyewe na kufunga mafundo yanayovuta ngozi mpaka inachubuka. Mbwa wa namna hiyo huchanwa karibu kila siku, na kitana kifike kwenye ngozi, si kupapasa juu juu. Kunyolewa ni kila baada ya wiki sita hivi. Mwenye manyoya ya kulala hahitaji yote hayo. Huwezi kujua kwa kusoma jina, mshike umpapase.

Na wale wanaosema chotara hawaugui? Kuchanganya damu husaidia pale udhaifu wa mzazi mmoja usipokuwepo kwa mwenzake. Maltese na Poodle mdogo wote wana tabia ya pia ya goti, kile kifupa cha mbele, kuhama mahali pake, sasa mtoto aepuke vipi? Meno yao nayo hubanana kwenye taya dogo, na fizi huugua mapema yasipopigwa mswaki. Ukimchanganya Cavalier King Charles Spaniel, mbegu nyingine ya mbwa wadogo, uliza habari za moyo wa huyo mzazi kabla ya kuuliza rangi ya mtoto. Kamba ya matembezi ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, maana bomba la hewa la mbwa mdogo halipendi kuvutwa shingoni. Na kwa kuwa pande zote mbili ni mbwa wa kukaa na watu, akiachwa peke yake kutwa nzima atalia.

Basi ukiulizwa, sema ni chotara wa Maltese na Poodle. Ni maneno mengi kidogo kuliko Maltipoo, lakini daktari wa mifugo akiyasikia atajua aanzie wapi: magotini, halafu mdomoni.