Leseni ya gari ya mwaka ilifutwa, ila bado tunailipia sheli

"Mkuu, niko hapa Ilazo naangalia gari. Ni Harrier, cc 2,400, namba zake za usajili zinaanzia D. Kodi yake ya barabara kwa mwaka itanikata shilingi ngapi?"

Simu za namna hii ninazipokea karibu kila wiki, na mara nyingi namsikia dalali pembeni akimharakisha mteja. Kazi yangu ni ushauri wa kodi hapa Dodoma. Jibu ninalotoa huwashangaza hata watu waliomiliki magari kwa miaka mingi: hailipwi tena kwa mwaka. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ndiyo hiyo wengi wanayoiita kodi ya barabara, ilifutwa na bajeti ya 2017/18.

Kabla ya hapo hesabu ilikuwa nyepesi. Gari la cc 501 hadi 1,500 lililipa shilingi 150,000 kwa mwaka, la cc 1,501 hadi 2,500 lililipa 200,000, na la kuzidi hapo 250,000. Gari liende lisiende, deni lilikuwa palepale. Mwaka 2014 nilinunua gari la namba B kwa haraka, nikaja kukuta lina deni la miaka miwili. Shilingi 400,000 zikanitoka, na adhabu juu yake, na aliyeniuzia hapokei simu. Tangu siku hiyo sijanunua gari bila kulichunguza madeni.

Ada ilipofutwa, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa lita. Hapo ndipo kodi ya barabara ilipohamia, na hapo ndipo wengi walipoacha kuihesabu, kwa kuwa hakuna karatasi wala stika inayowakumbusha. Mwaka 2021 tozo ya mafuta ikaongezwa shilingi 100 kwa lita, fedha zikilenga barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2023 ikaongezeka 100 nyingine kwa petroli na dizeli, safari hii kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Nyongeza hizo tatu jumla yake ni shilingi 240 kwa kila lita, juu ya tozo na ushuru uliokuwapo kabla ya leseni kufutwa. Hiyo 240 ndiyo namba ninayowapa wateja wangu waifanyie hesabu.

Tuchukue mtumishi anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba. Kwenda na kurudi tuseme kilometa 45, kwa siku 250 za kazi: 11,250. Ongeza safari mbili za Dar es Salaam kwenda na kurudi, kama kilometa 1,800, na mizunguko ya mjini na mwisho wa wiki. Anafika 18,000 kwa mwaka. Ana IST inayokwenda kilometa 15 kwa lita, kwa hiyo anachoma lita 1,200. Zidisha kwa 240, unapata shilingi 288,000.

Sasa mchukue mwalimu mstaafu wa Kisasa mwenye ile Harrier. Anakwenda sokoni Majengo, kanisani, na mara mojamoja Kondoa kuona ndugu. Kilometa 4,000 kwa mwaka, gari likila lita moja kila kilometa 8. Lita 500, shilingi 120,000.

Kwa utaratibu wa zamani mwenye Harrier angelipa 200,000 na mwenye IST 150,000. Leo wamebadilishana nafasi, tena kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo ninapoulizwa cc, mimi huuliza kwanza: unakaa wapi, unafanya kazi wapi, na nyumbani unakwenda mara ngapi kwa mwaka? Ukubwa wa injini una uzito wake gari linapoingizwa nchini, maana ushuru wa bidhaa bandarini hupanda kadiri cc zinavyopanda, na gari lenye miaka minane au zaidi huongezewa mzigo mwingine wa uchakavu. Ukinunua gari ambalo tayari lina namba, hayo yalishalipwa na mwenzako.

Jambo jingine ambalo watu hawaliwekei maanani: tozo hizi zimepangwa kwa lita, si kwa asilimia ya bei. EWURA, mamlaka inayopanga bei kikomo za mafuta, wanapotangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hata mafuta yakishuka, ile 240 iko palepale. Ubovu wa gari nao unatozwa. Gari lililopaswa kwenda kilometa 12 kwa lita likiwa linakwenda 10 kwa sababu ya plagi chovu au nozeli chafu, kwa kilometa 15,000 linachoma lita 250 za ziada. Hizo ni shilingi 60,000 za tozo pekee, bado bei ya mafuta yenyewe. Ndiyo maana kabla ya kununua ninamwomba mteja ajaze tangi, aliendeshe gari hadi Chamwino na kurudi, kisha ajaze tena apige hesabu. Muuzaji akikataa, mimi humshauri mteja aachane na gari hilo.

Kinachobaki kikubwa cha kulipa kila mwaka kwa karatasi ni bima. Bima ndogo, ile inayofidia madhara kwa watu wengine tu, kwa gari binafsi ni shilingi 118,000, yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18. Bima kubwa, inayofidia na gari lako mwenyewe, kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari; kwa gari la milioni 14 ni 490,000, na VAT inaifikisha 578,200. Kwa hiyo yule mtumishi wa Nkuhungu, akiwa na bima ndogo, aweke 406,000 kwa mwaka. Gari la biashara lina mambo yake ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kodi ya mapato, nitayaandikia siku nyingine.

Mwaka wa kwanza una gharama ya kubadilisha umiliki: shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Gari la milioni 12 ni 180,000 jumla. Naumia sana ninapoona mtu ametoa milioni zote hizo halafu anaendelea kutembelea kadi ya jina la mtu mwingine ili kuokoa laki moja na themanini. Akifariki yule mwenye jina, utawaeleza nini warithi?

Na kabla hujatoa hata senti, chukua namba ya gari uiangalie kwenye mfumo wa faini za trafiki, kisha uulizie deni la maegesho. Faini moja ni shilingi 30,000, na nimewahi kuona gari zuri, limeoshwa linang'aa, likiwa na faini kumi na moja. Mwambie muuzaji azilipe mbele yako, mkiwa wote mmekaa, ndipo mzungumze bei.