Gemu kudoda: maana yake, na jumba bovu humwangukia nani

Mali iliyododa ni mali iliyokaa. Muuza mitumba hahitaji somo hili: balo limefunguliwa, nzuri zimechukuliwa asubuhi, zilizobaki zinapigiwa kelele hadi jua linazama. Kwenye gemu za video, neno hilo lina ujanja wake. Gemu inaweza kununuliwa na mamilioni ya watu, na bado kampuni ikasikitika kwamba imedoda.

Machi 2013 ilitoka Tomb Raider mpya. Katika wiki 4 ziliuzwa nakala milioni 3.4. Square Enix, kampuni iliyoitoa, ikasema mauzo hayo hayakufikia matarajio. Sasa milioni 3.4 ni haba? Wengi wangeziota tu. Kilichozidi kimo ni hesabu iliyopigwa kabla gemu haijafika dukani. Kudoda, basi, ni pengo kati ya nakala zilizouzwa na nakala zilizotarajiwa, na hizo za pili hupangwa ofisini na watu ambao mara nyingi hawajaandika hata mstari mmoja wa programu ya gemu yenyewe.

Hiyo haina maana mabosi ndio wakosaji siku zote. Concord ya Sony iliingia sokoni tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, kwenye uwanja ambao gemu shindani kama Valorant na Overwatch 2 zilikuwa zinachezwa bure. Tarehe 6 Septemba ikazimwa, wanunuzi wakarudishiwa fedha zao, na Oktoba studio iliyoiunda ikafungwa. Bei haipangwi na mchora wahusika. Lakini wahusika wenyewe, ambao wachezaji wengi waliwaona hawana mvuto, walitoka studio. Hapo lawama ni ya kugawana. Mchezaji aliyeipita bila kununua simlaumu hata kidogo: mteja hana deni na muuzaji.

Kisa kinachoonyesha vizuri jinsi jumba bovu linavyoangushiwa mtu mmoja ni cha E.T., mwaka 1982, gemu iliyotokana na filamu ya jina hilo kuhusu kiumbe wa sayari nyingine aliyeachwa duniani. Haki za kuigeuza filamu hiyo kuwa gemu ya Atari, kampuni ya gemu za video, ziligharimu, kwa taarifa za wakati ule, zaidi ya dola milioni 20. Makubaliano yalifikiwa mwishoni mwa Julai, na gemu ilitakiwa iwe madukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw, mwandishi wa programu aliyekwisha kuipa Atari gemu nzuri ya Yars' Revenge, akapewa wiki 5 hivi kufanya kazi ya miezi kadhaa. Akaimaliza.

Ndani ya gemu unatafuta vipande vya simu ya kumwezesha E.T. kupiga kwao. Vimo mashimoni. Unatumbukia, unanyoosha shingo, unapaa taratibu hadi juu, unagusa ukingo kidogo tu, unatumbukia tena. Mashimo hayo ni ya Warshaw, na mwenyewe hajawahi kuyakana. Lakini wiki 5 hakujipangia yeye. Wala si yeye aliyeagiza kaseti zipatazo milioni 4, kama inavyokadiriwa, wakati zilizouzwa ni milioni 1.5 hivi. Na milioni 1.5 hizo zilitosha kuiweka E.T. miongoni mwa gemu zilizouzwa zaidi kwenye mashine ya Atari 2600! Kwa oda ndogo na haki za bei ya kawaida, ingekuwa gemu mbovu iliyoleta faida, na gemu za namna hiyo zimejaa.

Septemba 1983, malori ya Atari yalimwaga shehena ya kaseti kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico. Kwa miaka mingi watu walilisimulia kama kaburi la E.T. Lilipofukuliwa tarehe 26 Aprili 2014, E.T. ilikuwamo kweli, ila ilikuwa sehemu ndogo tu ya kaseti zilizotolewa. Miongoni mwa zilizolala nayo ilikuwamo Centipede, gemu iliyopendwa, ambayo Warshaw hakuiunda.