Udongo mgumu wa Agosti haupimi usalama wa mteremko

Wengi wanaojenga kwenye miteremko ya Kigoma huamini kwamba sululu ikidunda kwenye udongo mwekundu, kiwanja kiko salama na ripoti ya udongo ni kupoteza hela. Sivyo. Ugumu huo ni wa ukavu. Masika yakiulowesha, maji hujaa kati ya chembe, zinaachiana, mteremko unateleza.

Shimo moja la kupimia udongo katikati ya kiwanja halitoshi. Mtaalamu akague mteremko juu na chini ya kiwanja: nyufa, miti iliyoinama, chemchemi. Apime nguvu ya udongo ukiwa umelowa, kisha akokotoe uthabiti (nguvu ya udongo kujishikilia ikigawanywa kwa nguvu inayouvuta chini): 1.0 ni ukingoni mwa kuporomoka, 1.5 ndiyo hutakiwa mara nyingi. Na aseme shimo la choo likae wapi (hili husahaulika mno), maana likiwa upande wa juu wa ukuta wa kuzuilia udongo, usio na matundu ya kutolea maji, maji yake huusukuma hata kiangazi.